Kabla Hujaripoti kwa Mwalimu Bashir

Ndanu, wewe uliyelibeba jina la mama yangu,

Umetoka kwenda kumuaga rafiki yako Fardosa, ukasema unarudi sasa hivi. Naijua hiyo sasa hivi yako, kwa hiyo nimefunga mlango, nimeketi mezani, naandika. Barua hii nitakupa mkononi kesho ukiwa umeshakaa garini na mizigo imeshafungwa juu, maana nikikupa hapa nyumbani utaanza kunihoji na mimi nitaanza kujitetea. Isome njiani. Isome kabla hujaingia ofisi ya mkuu wa shule huko Masalani.

Chandarua, maji ya kuchemsha, jua la saa nane, hayo sitayagusa. Umeyasikia tangu unatambaa. Wala sitakuambia kwamba gari la alfajiri litaondoka alfajiri, kwa sababu mimi mwenyewe siamini. Nataka kukueleza jambo moja linalonihusu mimi na yule mtu utakayeripoti kwake. Umekua ukijua kwamba ni mtu mbaya. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, na nilikufundisha vibaya.

Humu ndani tulikuwa tukimwita "yule aliyefuta." Ulipokuwa mdogo ulidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Anaitwa Mwalimu Bashir. Kabla hajahamishiwa Masalani akawa mkuu, alikuwa akifundisha jiografia pamoja nami hapa Garissa, na meza zetu katika chumba cha walimu zilikuwa zikitazamana.

Unajua nilivyo. Baba yako husema nikiletewa maji ya kunywa huyanusa kwanza. Pale darajani, askari akiniomba kitambulisho na mimi humwomba chake, abiria wote wakaanza kunung'unika. Sijui kama nilizaliwa hivi au ni kuja kufanya kazi mbali na kwetu Mwingi. Nilipofika huku nilikuwa nikisikia watu wanazungumza Kisomali nyuma yangu, na kila walipocheka nilijua wananicheka mimi. Sikuwahi kuuliza. Niliweka tu moyoni.

Bashir ndiye aliyenipunguzia. Alikuwa akiniona nimekunja uso sokoni, anakuja karibu, ananiambia, "Madam, hawa nasema bei ya maziwa imebanda. Wewe hakuna mtu nakusema." Mara nyingine nilimshuku kwamba ananitafsiria uongo ili nitulie. Lakini nilitulia.

Katika kutafsiriana huko tukaanza kukusanya maneno. Kiswahili cha huku, kile wanachosema watu sokoni, hospitalini na kwenye mnada wa mbuzi, si kile ninachofundisha darasani, na mimi nilikipenda kuliko nilivyokubali kusema. Kina Kisomali ndani, kina Kiarabu, kina Sheng ya vijana waliorudi kutoka Nairobi. Nilitaka siku moja kiwe kitabu. Yaliyo mengi aliyaleta Bashir. Mimi nilikuwa naandika.

Nilikuwa nayaandika ndani ya kiendelezi. Najua ukilisoma neno hilo utacheka, wewe unaiita ekstensheni kama wenzako. Basi, kile kijiprogramu kidogo kinachojibandika pembeni mwa brauza. Unasoma kitu mtandaoni, unalibofya neno, unaandika maana yake na nani alilisema, nalo linakaa humo. Kila asubuhi nilikuwa nakifungua kwenye kompyuta ya shule kabla ya kengele, na kila jioni kilikuwa kimeongezeka.

Sikujua maneno hayo yanakaa wapi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni la kijinga kwa mtu anayejisifu kwamba hadanganyiki. Nilikuwa nimeingia katika brauza kwa barua pepe yangu, nikadhani kila kitu kimepanda huko juu na kinanisubiri. Bashir, ambaye alikuwa na mkono mwepesi wa mashine, ndiye aliyenionya.

"Madam," aliniambia, "hii maneno yote iko ndani ya hii kombiuta beke yake. Kombiuta ikikufa, na yenyewe nakufa. Nibe nakala moja, niweke kwa flashi yangu."

Nilicheka hadi nikashika meza. "Umesema mwenyewe, Mwalimu. Unataka uibe!"

Alitabasamu kidogo, akarudi kwenye madaftari yake. Sikumpa nakala. Nilijiambia kwamba flashi yake ina virusi, na huenda kweli ilikuwa navyo, kila flashi ya chumba kile ilikuwa navyo. Lakini sababu hasa ilikuwa nyingine. Niliogopa siku moja nione kitabu changu kina jina lake peke yake juu ya jalada. Mtu aliyeyaleta maneno yenyewe, nilimwogopa asije akayachukua.

Halafu siku moja akawa amesimama nyuma yangu, anasoma nilichoandika. Nilikuwa nimeweka sehemu ya matamshi, na mifano yake, na mifano hiyo mingine ilikuwa inachekesha. Nasema ukweli, niliichagua kwa sababu inachekesha. Akasema, "Hii kitabu ikitoka, watu nacheka sisi. Toa zile ya kuchekesha, Madam."

Nilimwambia ni utafiti, na utafiti hauchagui. Hakubishana. Tangu siku ile nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Akikaribia kompyuta, nainuka. Akiuliza tumefika wapi, namjibu kwa mkato.

Ndipo shule ikatangaza kwamba fundi anakuja kesho yake kuzisafisha kompyuta zote na kuziwekea programu mpya. Bashir alikuwa Balambala kwenye msiba wa mjomba wake. Nikazunguka chumba kizima nikitafuta mtu mwingine wa kunisaidia, sikupata. Nikampigia. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea, na nyuma yake nasikia watu wanasoma dua, na bado aliacha msiba akasimama nje kunielekeza. Akaniambia nichomeke flashi. Akanipeleka folda baada ya folda, hadi mahali ambapo brauza huficha vitu vya viendelezi, mahali ambapo nisingefika mwenyewe.

"Umeona, Madam?"

"Nimeona."

"Chagua yote. Imekuwa buluu?"

"Imekuwa."

"Haya. Sasa futa."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, hapatikani. Nikaketi naitazama ile buluu. Ndanu, mimi ambaye siamini hata saa ya ukutani, siku ile nilijilazimisha kumwamini mtu. Nikajiambia, labda mambo ya kompyuta yako hivyo, labda za zamani hufutwa ili nakala iliyokwishaingia kwenye flashi ifanye kazi, yeye ndiye anayejua. Nikafuta. Halafu, kwa ile tabia yangu ya kutoacha chochote nyuma ambacho mtu anaweza kuja kukichungulia, nikalimwaga na pipa la taka. Angalau ningeliacha pipa. Kesho yake fundi akaja, akaisafisha mashine yote.

Nilipoingia tena kwa barua pepe yangu, alamisho zilirudi. Nywila zilirudi. Kiendelezi nacho kilirudi chenyewe, na ile alama yake pembeni kama zamani, na nilipokifungua kilikuwa kitupu. Flashi nayo tupu. Miaka yangu ya kusikiliza watu, yote, na karibu kila neno ni la mtu ninayemkumbuka uso.

Hapo hapo nikajua ni yeye. Sikufikiri mara mbili. Alisema hataki kitabu kitoke, akaniambia nifute, nikafuta. Kila kitu kiliingia mahali pake vizuri mno. Siku hizi jambo likiingia mahali pake vizuri namna hiyo naanza kulitilia shaka, lakini siku zile nilikuwa nawashuku watu tu, shaka zangu mwenyewe sikuzishuku.

Aliporudi kutoka msibani sikumpa hata pole. Nilisimama katikati ya chumba cha walimu, wote wamekaa wanakunywa chai, nikamuuliza kwa sauti kwa nini aliniambia nifute.

"Madam, mimi sikusema ufute," akasema. "Nilisema ufute."

Walimu wakaangua kicheko. Aliyekuwa na chai mdomoni ikamtoka puani. Bashir akajaribu tena, taratibu, na mkono wake ukawa unafanya hivi hewani, kutoka kushoto kwenda kulia, anarudia neno lile lile, na kila alipolirudia kicheko kilizidi. Mimi sikucheka. Niliona ananidhihaki mbele ya watu baada ya kuniharibia kazi. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Mnaona? Anakubali mwenyewe, na hana hata haya." Akaushusha ule mkono, akatoka nje. Namba yake niliifungia kabla ya kengele ya kipindi kilichofuata, asinipigie wala ujumbe wake usinifikie.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu mengine nilikutumia wewe. Unakumbuka tende? Ilikuwa Ramadhani, ukarudi kutoka dukani na mfuko mdogo wa tende, umefurahi, unasema Mwalimu wa jiografia amekupa. Nikakutuma uzirudishe. Ulikuwa mtoto, ulienda unaburuta miguu, na uliporudi ulinitazama namna ambayo sikuipenda. Nilikuambia mtu wa namna ile hakupi kitu bure. Sasa najiuliza alizipokea vipi zile tende mkononi mwako, alikuambia nini. Hukunieleza, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo ulipoleta habari kwamba umepangiwa kufundisha Masalani, na mkuu wa shule ni yeye, unaelewa sasa kwa nini nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijua ameomba uletwe kwake. Nilijua atakupa madarasa mabaya, atakuandikia ripoti mbaya, atalipiza kwako. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe kwa mtu wa ofisi ya elimu kuomba wakubadilishie shule. Ujumbe huo haukutoka, na aliyeuzuia ni Fardosa, bila kujua.

Ni juzi hapo barazani, mlipokuwa mnahamisha vitu vyako kutoka laptopu ya zamani kwenda hii aliyokununulia baba yako. Na wewe una kiendelezi chako, madokezo yako yote ya chuo na ya mazoezi ya kufundisha yamo humo. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, sikio langu liko kwenu, kama kawaida yangu. Fardosa alikuonyesha mahali pa kutolea nakala, faili likatoka. Kisha akasema, akikuita dada kwa Kisomali, "Haya abaayo, chagua hiyo. Sasa futa."

Nilipiga kelele. Mchele ulimwagika. "Usifute!"

Mligeuka wote wawili kunitazama kama nimepagawa. Kidole chako kilikuwa bado kwenye laptopu, kimelishika lile faili, kinalivuta kuelekea kwenye flashi.

"Mama, nani anafuta?" ukaniuliza. "Amesema nivute."

"Ndiyo," akasema Fardosa. "Nimesema afute."

Wala hamkucheka. Mliendelea na shughuli yenu. Wewe uliyekulia hapa, uliyecheza kamba na kula pamoja na hawa watoto, ulisikia alichosema bila hata kufikiri. Mimi mwenye sikio la kusahihisha insha za watu nilisimama na ungo mtupu. Ve kuwa fe katika ndimi za huku, Ndanu. Nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, na mifano yake ya kuchekesha, ndani ya kile kile kiendelezi. Nililijua kabisa. Lakini siku nilipotakiwa kulisikia, nilikuwa nimeshaamua yule mtu ni wa namna gani, nikasikia lile nililokuwa nalingojea. Na ule mkono wake hewani, kushoto kwenda kulia, alikuwa ananionyesha. Alikuwa anavuta.

Niliingia chumbani nikalia. Ukaniuliza kama ni kichwa, nikakubali kuwa ni kichwa.

Sasa sikiliza, kwa sababu kuna la kazi hapa. Vitu vyako bado vimo ndani ya kile kiendelezi, na huko Masalani umeme utakatika, laptopu itaanguka, au kijana mmoja mwenye maneno matamu atakuambia akusaidie kuisafisha. Mshuku huyo, nakuruhusu. Ukikitoa kiendelezi hata kwa dakika ili ukirudishe kikiwa kipya, kinaondoka na vyote vilivyomo, na barua pepe haitavirudisha. Toa nakala mara kwa mara, na usiridhike kuona jina la faili, lifungue uone kwamba kweli lina kitu. Flashi usiiweke kwenye mkoba mmoja na laptopu, maana mwizi hachagui.

Lakini nakala nyingine mpe mtu. Hapo ndipo mimi nilipoangukia, na nimefikiri sana tangu juzi. Kama ningempa Bashir ile nakala aliyoiomba, mashine ingesafishwa, mimi ningekosea nitakavyo, na maneno yangekuwepo hadi leo katika flashi yake yenye virusi. Nilizuia kila mlango ambao mtu angepita kuniibia, na kumbe kitu kilikuwa hakina mahali pengine pa kukaa isipokuwa mikononi mwangu. Mwachie Fardosa moja. Usimwambie ni mimi niliyesema, atadhani nataka kitu kwake.

Sikuambii uwaamini watu wote. Nitakuwa mnafiki, na wewe utanijua mara moja. Hata leo mwenye duka amenirudishia chenji na mimi nimeigeuza geuza mbele yake. Ninachokuomba ni kidogo. Ukihisi mtu amekufanyia ubaya, muulize mkiwa wawili kwanza, pasipo na watu wenye vikombe vya chai. Mimi niliuliza mbele ya watu, na nikishauliza hivyo sikuwa tayari kusikia jibu lolote lingine.

Leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi, niliifungulia ile namba. Nikapiga. Alipokea upesi sana, na unanijua, jambo la kwanza nililofikiri ni kwa nini amepokea upesi hivi. Nikajitaja. Akasema, "Najua sauti." Nikamwambia kwamba nimeelewa, kwamba alisema nivute, na kwamba naona aibu. Nikamwambia nitakuja Masalani niyaseme hayo mbele ya walimu wake, kama nilivyosema yale mengine mbele ya walimu wetu.

"Si lazima, Madam," akasema.

Sijui hiyo si lazima ilikuwa msamaha au mlango unafungwa. Nimeigeuza kichwani mchana wote na bado sijui. Nikauliza habari zako, kama ni yeye aliyeomba uletwe. Akasema hakuomba, aliona jina lako kwenye karatasi kama majina ya walimu wengine, na kwamba nyumba ya mwalimu imeshafagiwa. Sauti yake haikuwa na chuki. Haikuwa na ucheshi wake wa zamani pia.

Hapo ningeaga tu nikaridhika, lakini mimi ni mimi. Nikamuuliza alijua lini kwamba nilimsikia vibaya. Akasema alijua siku ile ile, pale pale, walipoanza kucheka. Damu ikanipanda, nikaanza kupandisha sauti kama vile yeye ndiye mkosaji. Nikamwambia, Mwalimu, ulijua, ukaniacha miaka yote hii nikuite mharibifu, nimfundishe na mtoto wangu akuite hivyo! Kwa nini hukunieleza?

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Simu yako ulifunga," akasema. "Mdomo yangu mulicheka. Ningekwambia na nini, Madam?"

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, mwanangu. Kesho utakaa mbele yake, na wewe unaisikia sauti yake kuliko mimi. Msikilize.

Mama yako